Nyumba Ndogo ya Magurudumu Manne

Kufufua gari la michezo la zamani uani kwako ni raha ya aina yake. Lakini ukikosea hesabu utabaki na injini isiyowaka na ndoa iliyozimika. Soma ujue pa kuanzia, pa kubadilisha na pa kuacha kama palivyo.

Dalili ni zilezile. Simu inaita saa tatu usiku, anatoka nje kuipokea. Jumamosi haonekani mpaka giza liingie. Mshahara umeingia tarehe 25, tarehe 28 mfuko mtupu na maelezo hayaeleweki. Akirudi ndani ananuka, ila siyo manukato ya mwanamke mwingine. Ananuka petroli na grisi. Mpenzi msomaji, usihangaike kumtafuta mwizi wako mtaani. Yupo hapohapo uani, chini ya turubai, ana umri wa zaidi ya miaka 50 na jina lake ni Datsun.

Tucheke kidogo, lakini suala lenyewe ni zito. Gari la zamani linakula pesa, muda na nafasi, na vitu hivyo vitatu ndivyo hasa nyumba inavyogombania. Wapo waliolifufua gari hatua kwa hatua na familia nzima ikapanda kwa furaha siku ya kwanza. Wapo pia waliolifungua vipande vipande, likaota majani, na kila tairi lililopungua upepo likawa ugomvi mpya. Tofauti ya hao wawili mara nyingi siyo ufundi. Ni mpangilio wa kazi, na ukweli kati ya watu wawili wanaolala kitanda kimoja.

Kwa nini Z inawazimisha watu

Magari ya michezo ya zamani yapo mengi. Kuna MGB ya Mwingereza, kuna Alfa Romeo ya Mwitaliano, kuna Karmann Ghia ya Mjerumani. Leo tunaichukua Datsun 240Z kama mfano kwa sababu siyo ngeni kwetu. Waulize wazee waliokuwa vijana mwanzoni mwa miaka ya 1970, wale waliokuwa wakijipanga kando ya barabara kila Pasaka kusubiri magari ya Safari Rally yapite na vumbi lake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, akiwa na msaidizi wake Hans Schüller, alishinda mbio hizo kwa 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine iliyoendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta na Lofty Drews wakashinda wao kwa 240Z, tena baada ya kulingana alama na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa kwenye Datsun. Huo ulikuwa mwanzo tu, kwani Mehta alikuja kushinda Safari mara tano.

Gari lenyewe lilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyekuwa akiongoza biashara ya Nissan huko Marekani, aliona jina hilo halitamwingia Mmarekani anayetaka gari la kukimbia, akalipigania liuzwe kama 240Z. Namba hiyo inatokana na ukubwa wa injini, lita 2.4. Bei yake Marekani ilianzia dola 3,526, wakati Porsche 911 na Jaguar E-Type zilikuwa za wenye nazo. Katayama aliishi mpaka 2015, akafariki akiwa na miaka 105, na wapenzi wa Z wanamtaja kama baba yao.

Umbo nalo! Boneti ndefu, kiuno cha nyigu, mgongo unaoteremka taratibu mpaka nyuma. Chini ya boneti kuna injini ya L24, silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, kabureta mbili, nguvu farasi 151 kwa kipimo cha enzi hizo. Uzito wake ni kama tani moja tu, kwa hiyo inakaribia kilomita 200 kwa saa. Na hakuna kompyuta hata moja. Ukiwa na spana, tochi na subira, kila kitu unakiona kwa macho na kukishika kwa mkono. Hapo ndipo watu wanapozimika.

Kabla hujatoa mshiko: tafuta kutu

Wauzaji wa magari ya zamani ni kama wachumba wa siku ya kwanza. Wote wamepiga pasi. Rangi inang'aa, viti vimevishwa kava mpya, dashibodi imepakwa mafuta. Usilewe. Ugonjwa mkubwa wa Z ni kutu, kwa sababu chuma chake ni chembamba na kiwanda hakikukikinga vya kutosha kama magari ya leo. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, wenye hewa ya chumvi, tunalijua vizuri hilo. Injini mbovu inafunguliwa na kutengenezwa, lakini bodi iliyooza ndiyo inayofilisi watu.

Nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa ili isikwaruze rangi. Ipitishe pole pole kwenye bodi. Ikikataa kunasa, ujue hapo chini kuna puti, siyo chuma. Kisha kagua sehemu hizi: chini ya betri, ambako asidi imekuwa ikidondoka miaka yote, sakafu chini ya kapeti, upande wa dereva na wa abiria, vyuma virefu vinavyobeba sakafu kwa chini, kipande kati ya mlango na tairi la nyuma, ukingo wa mlango wa nyuma, na shimo la tairi la spea. Omba kapeti liinuliwe. Muuzaji akianza kuzunguka maneno, shukuru, aga, ondoka. Mficha uchi hazai.

Jambo jingine ni makaratasi. Linganisha namba ya chasi na ya injini na zile za kwenye kadi ya gari. Kama unaagiza nje, ulizia mapema masharti ya umri wa gari na ushuru wake kabla hujatuma hata senti. Kenya, kwa mfano, ina sheria inayobana magari ya mtumba yaliyozidi miaka 8. Gari likishafika bandarini halina subira, gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kila siku.

Halafu kuna swali dogo ambalo wanaume wengi hulisahau. 240Z ina viti viwili tu. Kama una watoto, watakaa wapi? Mwaka 1974 Nissan ilitoa 260Z, na kati yake kuna ile ndefu kidogo yenye viti vinne. Mashabiki wa mbio huikebehi eti haina shepu. Lakini gari ambalo mwanao anaweza kupanda lina nafasi kubwa zaidi ya kupendwa nyumbani kuliko lile la kumwacha getini akilia.

Mali bila daftari

Hapa penye pesa ndipo penye utata. Bei ya kununua siyo bei ya gari. Ni kiingilio tu.

Chukua mfano wa kiwanda chenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Nissan ya Marekani ilianzisha mpango wa kununua 240Z za zamani, kuzifufua na kuziuza upya kwa karibu dola 25,000 kila moja. Walikuwa na jina, spea na mafundi, na walikusudia kutengeneza magari 200. Hawakufikisha hata 50. Kama wenyewe waliolizaa walishindwa kulifikisha mbali, wewe wa mashine moja ya kuchomelea na Jumamosi mbili kwa mwezi unapaswa kuwa na adabu na hesabu zako.

Utasikia pia hadithi za utajiri. Ni kweli kwamba Januari 2020 Datsun 240Z moja iliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola 310,000. Lakini gari lile lilikuwa limetembea kidogo sana na limebaki karibu vilevile lilivyotoka kiwandani. Lako lililookotwa na kutu halitafika huko. Ukimwambia mkeo kwamba huo ni uwekezaji, unajenga deni la uongo ambalo siku moja litadaiwa. Sema ukweli: hii ni starehe, kama wengine walivyo na mpira, bia au vikao vya harusi. Starehe haina ubaya. Ubaya ni kuiita biashara.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua daftari moja, liweke sebuleni, siyo kwenye buti la gari. Gawa kurasa zake mara tatu. Kwanza kununua na makaratasi. Pili kazi na spea. Tatu dharura, kwa sababu bolti iliyokaa miaka 50 itakatika tu. Kisha wekeni kiwango cha mwezi ambacho wote wawili mmekikubali. Mwezi wa ada za shule gari linapumzika. Halitakasirika.

Kuhusu spea, habari si mbaya sana. Ndugu za injini hiyo, zile za silinda nne, zilifungwa kwenye Datsun nyingi zilizozunguka Afrika Mashariki, kama 1600 na 160J. Ndiyo maana fundi mzee pale Gerezani jijini Dar, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, anaweza kuisikiliza Z kwa sikio tu akakwambia tepeti zimelegea. Vitu vinavyosumbua ni vioo, raba za milango, taa na mapambo ya ndani. Hivyo mara nyingi huagizwa Japani, Marekani au Uingereza, na ushuru wake nao uandikwe daftarini.

Uani siyo gereji

Tunajua gereji bubu zimetulea wengi. Lakini uani kwako kuna watoto, kuna nguo kwenye kamba, kuna jiko la mkaa. Mambo haya yasikupite.

Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Weka stendi za chuma kwenye sakafu ngumu. Usitumie matofali, maana tofali linapasuka bila kuaga.

Petroli isikae kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi. Weka kwenye dumu lenye mfuniko na alama, mbali na jiko na mbali na fundi anayechomelea. Kabla ya kuchomelea chochote sehemu za nyuma, tenki la mafuta litolewe kabisa.

Breki za magari ya miaka ile zilikuwa na asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Usilipulize kwa upepo wa kompresa wala kulifagia likiwa kavu. Lilowanishe, lifute, kitambaa kikafungwe kwenye mfuko na kutupwa.

Rangi za kuchanganya na hadina zina kemikali ambazo kitambaa cha puani hakizuii. Msasa, puti na kuandaa bodi unaweza kufanya nyumbani. Rangi ya mwisho mpelekee mwenye chumba cha kupulizia na vifaa vya kujikinga. Mapafu ya mwanao hayana spea.

Na usiwashe injini kwenye banda lililofungwa. Z ina tabia ya kuvuta moshi wa eksozi kurudi ndani kupitia raba zilizochoka za mlango wa nyuma na za taa. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu. Ukiendesha ukaanza kuumwa kichwa, badilisha raba kwanza, usikimbilie panado.

Isimame kwanza, ing'ae mwisho

Kosa linaloua magari mengi ni kuanza na kinachoonekana. Mtu ananunua rimu za kung'aa, anapiga rangi nyekundu, anapiga picha. Miezi sita baadaye mafuta ya breki yanavuja juu ya rangi ileile, na mafuta ya breki hula rangi kama asidi. Anarudi mwanzo, mshiko umekata. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, kufungua. Piga picha kabla ya kulegeza bolti yoyote. Kila kundi la bolti liingie kwenye mfuko wake na karatasi yenye maelezo: "mlango wa kushoto, bawaba ya juu." Usiamini kichwa chako. Utasahau. Na usifungue gari zima kwa mpigo. Maliza sehemu moja ndipo uhamie nyingine, gari lisije likageuka gunia la vyuma.

Pili, bodi. Kutu ikatwe mpaka ufike kwenye chuma kizima, kisha kichomelewe chuma kipya. Kupaka puti juu ya kutu ni sawa na kununua maua bila kuomba msamaha. Inapendeza wiki mbili, halafu yaleyale yanatokeza tena.

Tatu, kusimama. Badilisha mafuta yote ya breki, maana yananyonya maji taratibu kadiri miaka inavyokwenda. Kagua masta silinda, mipira ya breki, diski za mbele na ngoma za nyuma. Matairi nayo yana tarehe ya kuzaliwa. Tafuta tarakimu nne ubavuni. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na bado likawa limezeeka.

Nne, mafuta na umeme. Mipira ya petroli iliyopasuka juu ya injini ya moto ndiyo inayounguza magari ya zamani, na bei yake ni ndogo. Badilisha yote. Safisha tenki, maana kutu yake ndiyo inayoziba kabureta. Kwenye Z swichi ya taa hubeba umeme wote wa taa kubwa na huchemka, kwa hiyo fundi umeme akufungie rilei. Hilo ni badiliko dogo lenye faida kubwa.

Tano, injini. Usiivunje kwa mihemko. Pima mgandamizo wa kila silinda kwanza. Inawezekana inataka plagi, pointi, waya na taimingi tu. Mpangilio wa kuchoma ni 1-5-3-6-2-4, uandike ukutani. Tepeti zipimwe injini ikiwa ya moto: milimita 0.25 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa kutoa. Kabureta mbili lazima zivute sawa. Chukua kampira kembamba, weka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta, sikiliza mvumo. Ukifanana, umeoanisha. Ndoa ya kabureta ndiyo hiyo, mmoja akivuta kuliko mwenzake gari zima linatetemeka.

Usijaze maji ya bomba kwenye rejeta. Bloku ya L24 ni chuma lakini silinda hedi yake ni aluminiamu, na maji matupu huila kutoka ndani. Weka kuleti. Ikichemka sana mara moja tu, hedi inapinda.

Baada ya hayo yote, ndipo rangi, viti na mapambo.

Kunogesha bila kuharibu

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe, kubadilisha. Kanuni ni moja: penda mabadiliko yanayorudishika. Ukitoa kitu cha asili, kifute, kipake mafuta, kihifadhi kwenye boksi. Ukikata bodi kwa grenda ili rimu pana ziingie, hakuna kurudi.

Mabadiliko yenye akili yapo. Weka mfumo wa kielektroniki badala ya pointi, gari litawaka asubuhi bila kubembelezwa. Weka gia boksi ya gia tano kama lako lina nne. Badilisha bushi na shokapu, usukani utaacha kucheza. Anayetaka nguvu zaidi atafute injini ya L28 iliyokuwa kwenye 280Z. Ni ya ukoo uleule, ina ujazo wa sentimita 2,753, na inakaa palepale bila kukata chochote. Ukitaka sauti ya kusisimua kuna kabureta tatu za Weber, ila ujiandae kufahamiana na kila kituo cha mafuta mjini.

Wapo wanaoingiza V8 ya Kimarekani. Ni uamuzi wao, lakini gari lililoundwa kwa nguvu 151 likipewa mara mbili yake linataka breki nyingine, difu nyingine na bodi iliyokazwa. Nguvu bila breki ni kaburi lenye usukani.

Na hii ya kushusha gari mpaka tumbo linagusa lami, jamani, tuwaachie wenye barabara zao. Kwetu kuna matuta ambayo hayana hata alama. Magari yaliyoshinda Safari hayakulazwa chini. Yalifungwa springi za kuhimili mashimo na kuinuliwa, ndiyo maana yalifika.

Na mwenzako anasemaje?

Ugomvi wa gari la uani una maneno yake, yanafanana kila nyumba.

"Mume wangu, hili dude litaisha lini?"

"Karibuni tu, mama. Limebaki kidogo."

"Karibuni" siyo tarehe. Ndiyo jibu linaloumiza kuliko gharama yenyewe, kwa sababu linamwambia mwenzako kwamba subira yake haina mwisho. Jibu bora ni dogo na la kweli: "Breki zinakamilika mwezi huu. Nikishindwa, nitakwambia na sababu." Ukilitimiza mara tatu, utashangaa jinsi sauti inavyobadilika.

Siri ni mbaya zaidi. Spea ya shilingi laki mbili ukisema ni elfu hamsini, hujaokoa ugomvi. Umeuahirisha na kuuongezea riba. Siku risiti itakapodondoka kwenye suruali ya kufua, hatahesabu laki na nusu iliyopungua. Atahesabu kila neno ulilowahi kumwambia. Pale ndipo gari linakuwa nyumba ndogo kweli.

Nawe mwenye nyumba usiyependa magari, una haki zako. Una haki ya kuona daftari, kupata Jumapili yako, na kutokanyaga grisi jikoni. Lakini usiite kazi yake takataka mbele ya watoto au mashoga zako. Huenda pale chini ya boneti ndipo mahali pekee kwa wiki nzima ambapo anaanza kitu akakimaliza bila bosi kumfokea. Muulize kwa nini analipenda. Sikiliza jibu bila kutazama saa.

Usimlazimishe mwenzako kulipenda gari pia. Mpe nafasi, asipoitaka basi. Wengine watapenda kuchagua rangi ya viti na kwenda pamoja kwa fundi cherehani wa magari. Wengine watapenda tu siku ya kupanda. Na wanaume, msidhani spana zina jinsia. Mke akiwa ndiye mwenye gari chini ya turubai, sheria ni hizihizi: daftari, tarehe, na mume asiyejifanya anajua kila kitu.

Jipime: gari lako limekuwa nyumba ndogo?

Jibu ndiyo au hapana, bila kudanganya.

1. Umewahi kuficha risiti ya spea au kutaja bei pungufu?
2. Umetumia pesa ya ada, kodi ya nyumba au matibabu kununua kitu cha gari?
3. Umekosa tukio la familia mara mbili mwaka huu kwa sababu ya fundi?
4. Kuna sehemu ya gari uliyoifungua zaidi ya miezi sita iliyopita na hujaigusa tena?
5. Umenunua mapambo kabla breki hazijakamilika?
6. Mwenzako hajui gari limekula kiasi gani mpaka leo?

Ndiyo 0 hadi 1: Hongera. Wewe ni fundi wa gari na wa nyumba. Endelea hivyo.

Ndiyo 2 hadi 3: Taa nyekundu imewaka kwenye dashibodi. Kaeni chini wiki hii, fungueni daftari, wekeni kiwango kipya.

Ndiyo 4 hadi 6: Paki gari pembeni. Lifunike vizuri, toa betri, usinunue hata skrubu kwa miezi mitatu. Anza na ile risiti uliyoificha. Iweke mezani mwenyewe kabla haijajiweka. Na kama baada ya mazungumzo mtaona liuzwe, siyo aibu. Gari lililouzwa likiwa na bolti zake zote kwenye mifuko yenye majina litampata wa kulimalizia. Ndoa haiuzwi kwa spea.

Kwa mliobaki, wikiendi ndiyo hiyo inakuja. Anzeni na mipira ya petroli, ni kazi ya mchana mmoja na haina gharama kubwa. Na kabla hujachukua spana, ingia ndani umwambie mwenzako utatoka chini ya gari saa ngapi. Saa hiyo ikifika, toka.